CHANGAMKA! CHANGAMKA! Nani Kawaambia Mpole Hana Jina Mjini?

Mjini hapa kuna ushauri mmoja unauzwa kuliko chipsi mayai. Utausikia kwenye daladala, kwenye vikao vya ukoo, kwenye semina za hotelini na kwenye zile video za dakika moja zinazopita kwenye simu mpaka usiku wa manane. Ushauri wenyewe ni neno moja tu: changamka! Huna kazi? Changamka. Biashara haitembei? Changamka. Una kipaji lakini hakuna anayekujua? Tatizo lako bana hujachangamka.

Na anayeambiwa hivyo mara nyingi ni yule yule. Ni yule dada anayekaa kona ya ukumbi na soda yake moja mpaka inakuwa ya moto. Ni yule kaka anayeona simu inaita, anaitazama mpaka inakata yenyewe, halafu anatuma meseji: "Nimeona umepiga, vipi kwema?" Siku hizi wameshapewa jina, wanaitwa maintrovati. Kwa lugha ya mtaani, introvati ni mtu ambaye kundi la watu linamaliza chaji yake, na kukaa peke yake ndiyo kunamrudisha kwenye asilimia mia.

Neno lenyewe si la jana. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, ndiye aliyelipa umaarufu kwenye kitabu chake cha mwaka 1921. Mwaka 2012 mwanamke mmoja wa Marekani aliyewahi kuwa mwanasheria, Susan Cain, akaandika kitabu kizima cha kuwatetea watu wa aina hii kwenye dunia iliyojaa waongeaji, na kikasomwa kweli kweli. Kwa hiyo kwanza hilo lieleweke. Upole si ugonjwa, si ushamba, si kiburi. Ni jinsi mtu alivyoumbwa.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba mjini kumeibuka biashara nzima ya kumwambia mtu wa aina hii kwamba alivyo ni kosa, na kosa hilo linarekebishika kwa ada ya semina. Hao ndio wanaojiita makocha wa brandi. Na kwa namna wanavyoendesha mambo, wanaharibu majina ya watoto wa watu huku wakijisifu kwamba wanayajenga.

PETE YA KARIAKOO

Chukua mfano wa dada mmoja mpambaji wa maharusi, maskani yake Sinza, jina linabaki kapuni. Mkono wake ni mwepesi balaa. Bibi harusi akipakwa na yeye analia kuanzia kanisani mpaka ukumbini na uso haupasuki. Kuongea ndiyo hapana. Akimaliza kupamba anakunja vifaa vyake, anasema "hongera dada, umependeza," anaondoka kabla wapiga tarumbeta hawajafika.

Mafolowa alikuwa nao elfu tatu na kidogo. Lakini Jumamosi zake zilikuwa zimejaa, kwa sababu wateja wake hawakutoka Instagram. Walitoka kwenye kichen pati. Mama mmoja anamuuliza mwenzake, "Huyu binti nani kampamba?" Namba inatoka kwenye simu hii inaingia kwenye simu ile, kazi imeshapatikana. Anayejua harusi za mjini anajua kwamba kamati moja ikikupenda una kazi za mwaka mzima, maana wanakamati wa harusi hii ndio wanakamati wa harusi ile.

Akatokea kocha. Suti ya kubana, maneno mengi, ada laki moja na nusu kwa kikao. Akamwambia: "Dada, uso wako hauonekani. Watu hawanunui kazi, wananunua mtu." Akampa dawa. Laivu kila siku saa mbili usiku. Bifu dogo na mpambaji mwenzake wa Kinondoni ambaye hata hawajawahi kukutana. Na mwisho kabisa, kiki yenyewe: avishwe pete ya uchumba na chipukizi mmoja wa Bongo Fleva aliyekuwa anataka kusukuma wimbo wake mpya.

Pete ikanunuliwa Kariakoo. Video ikapigwa Coco Beach, maua mekundu, machawa wawili wakipiga vigelegele vya kulipwa. Ndani ya siku tatu mafolowa wakatoka elfu tatu mpaka elfu arobaini. Kocha akaposti picha ya namba hizo kama ushahidi wa kazi yake, akapandisha na ada.

Sasa njoo upande wa pili wa simu. Mama mzazi yuko Tanga. Habari hakuletewa na mwanaye, kaletewa na majirani waliokuja kumpongeza. Akapiga simu.

"Mwanangu, hiyo posa kapokea nani? Baba yako mdogo anauliza mshenga ni nani, na mimi sina la kumjibu."

"Mama, ile siyo kweli. Ile ni biashara tu."

"Biashara ya kuuza nini?"

Hapo binti hakuwa na jibu, na kocha hayupo kwenye simu amsaidie kujibu. Kwa watu wa kule nyumbani, pete si kontenti. Pete ina wajomba ndani yake, ina mahari, ina wazee waliokaa kwenye mkeka wakapokeana salamu. Ukiichezea kwenye video unakuwa umewachezea wote hao, na hakuna hata mmoja uliyemuomba ruhusa.

Wiki iliyofuata, mwenyekiti wa kamati moja ya harusi akampigia kwa adabu zote. "Dada, kazi yako hatuna shaka nayo kabisa. Ila mama wa bibi harusi anasema hataki siku ya mwanaye watu waje kukushangaa wewe. Tunaomba ile advansi." Kamati ya pili haikupiga hata simu, ilimtoa kimya kimya. Mwezi ule wenye Jumamosi nne akapata kazi moja. Mafolowa elfu arobaini, Jumamosi tatu amekaa ndani anaangalia dari.

Chipukizi yeye wimbo ulitoka, na wiki mbili baadaye akatangaza "wameachana" ili kusukuma wimbo wa pili. Dada wa watu akabaki anatukanwa kwenye komenti kwa kuachana na mtu ambaye hajawahi hata kunywa naye chai.

MACHO NI KITU KINGINE, IMANI NI KITU KINGINE

Hapa ndipo makocha wanapochanganya mambo, sijui kwa kutojua au kwa makusudi. Mjini kuna watu wanauza macho, na kuna watu wanauza imani.

Anayeuza macho ni msanii anayetaka ukumbi ujae, mchekeshaji, promota, mwenye kipindi cha udaku. Kwake yeye mtu akija kushangaa, ameshalipa kiingilio. Kelele kwake ni mtaji halali, na hakuna sababu ya kumlaumu. Ndiyo kazi yake.

Anayeuza imani ni mpambaji, fundi cherehani, mpishi wa shughuli, fundi umeme, mhasibu, mwalimu wa tuisheni, daktari wa meno. Huyu mteja anamkabidhi kitu ambacho kikiharibika hakirudi: siku ya harusi, kitambaa cha gauni, chakula cha wageni mia tatu, nyaya za nyumba, mtoto wake. Mteja wa aina hii hatafuti mtu wa kumchekesha. Anatafuta mtu wa kumfanya alale usingizi. Sasa wewe unamchukua muuza imani, unamvalisha nguo za muuza macho, halafu unashangaa wateja wanakimbia?

Ile sentensi ya "watu hawanunui kazi, wananunua mtu" ina ukweli ndani yake, ila imegeuzwa. Ni kweli wananunua mtu. Wananunua mtu wanayemwamini, na imani haipimwi kwa idadi ya waliokuangalia ukivishwa pete ya uongo.

Halafu wanasema hiki wanachofundisha ndiyo "brandi binafsi" ya kisasa. Ukweli usemwe. Mwaka 1997 mwandishi wa mambo ya biashara wa Marekani, Tom Peters, aliandika makala kwenye jarida la Fast Company akiwaambia wafanyakazi wajione kila mmoja kama brandi. Wakati huo Instagram ilikuwa bado miaka 13 izaliwe. Hakukuwa na laivu, hakukuwa na kamera ya mbele, hakukuwa na folowa. Wazo lilikuwa mtu ajiulize anafanya nini vizuri kuliko wenzake, na watu wanamkumbuka kwa lipi. Maswali hayo mtu mpole anaweza kuyajibu akiwa chumbani kwake amefunga mlango. Kwa nini basi leo jibu limekuwa moja tu, yaani piga kelele?

Fuata pesa utaelewa. Kampuni yenye Instagram, Meta, inapata karibu mapato yake yote kwenye matangazo. Ili matangazo yaonekane, lazima watu wabaki kwenye simu. Ili watu wabaki, lazima kuwe na bifu, pete, machozi na matusi. Mtandao wa simu nao unauza bando. Kocha anauza semina. Chawa anauza vigelegele. Kila mtu kwenye mstari huo anakula, isipokuwa yule dada wa Sinza ambaye ndiye aliyepika.

BINTI MPOLE NA KESI MBILI

Na hili la kelele linawaumiza zaidi mabinti, ingawa halisemwi.

Mvulana akiwa mkimya, akizidi sana ataitwa mshamba au "zezeta", mwisho wa siku watasema ana akili za kimya kimya. Binti akiwa mkimya kesi yake ni kubwa. Anajisikia. Anaringa. Ana nyodo. "Kwani yeye nani?" Hakusalimia kwa sauti kwenye msiba, basi kikao kizima kinamjadili yeye badala ya marehemu. Haya, binti huyo huyo akisikia ushauri, akachangamka, akaanza kucheka laivu na kuvaa kama alivyoelekezwa, kesi inageuka: kicheche, hana malezi, wazazi wake wako wapi?

Yaani yuko kwenye kesi mbili na zote amehukumiwa. Anayemwambia "changamka tu" hamwambii kwamba hukumu ya pili inamsubiri mlangoni. Na hukumu hiyo haimpati kocha. Inampata binti, inampata mama yake sokoni, inampata mdogo wake shuleni.

Ukiacha hilo, kuna gharama ambayo haionekani kwenye skrini. Huyu dada alikuwa akimaliza laivu yake ya saa mbili anajifungia bafuni nusu saa nzima, maji yanamwagika, yeye amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Asubuhi mkono unamtetemeka, na mpambaji mwenye mkono unaotetemeka hawezi kuchora nyusi. Kile alichokuwa nacho, ule utulivu uliomfanya afanye kazi safi, ndicho kilichouzwa ili anunuliwe asichokuwa nacho. Hiyo si hasara ya kawaida. Ni kuuza cherehani ili ununue bango la duka la kushona.

WALIOKAA KIMYA NA JINA LIKAKAA

Wabishi watasema: mjini bila kelele husikiki, nani aliwahi kutoka akiwa kimya?

Haya. Sade Adu, mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, aliyekulia Uingereza. Hata kama jina hulijui, sauti unaijua, ndiyo ile redio zikifika usiku zinapiga nyimbo zake na watu wanapunguza mwanga. Albamu ya kwanza ya bendi yake ilitoka 1984. Albamu ya Lovers Rock ikatoka 2000, na iliyofuata, Soldier of Love, ikatoka 2010. Miaka kumi katikati. Mahojiano machache, maisha yake ya ndani hayajulikani kwa undani, hakuna bifu. Iliporudi, ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard Marekani. Mwingine ni Sia wa Australia, aliyejulikana kwa kuimba huku wigi limemfunika uso mpaka puani. Uso ulifichwa, wimbo ukajulikana.

Utasema hao wana makampuni makubwa nyuma yao. Sawa kabisa, hoja imepokelewa. Basi achana na Ulaya, rudi Pwani hapa hapa.

Angalia kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina yale maandishi chini yake. Maandishi hayo yanaitwaje? Yanaitwa jina. Miaka na miaka wanawake wa Pwani wakiwa na la kusema kwa jirani, kwa mume, kwa wifi, hawakulazimika kupanda juu ya meza. Walichagua kanga yenye jina linalofaa, wakaifunga, wakapita. Aliyekusudiwa ameshasoma, na hakuna aliyepaza sauti. Kwa hiyo huku kwetu mtu mkimya kuwa na jina linalosomeka si jambo la kuletewa na semina ya hotelini. Bibi zetu walikuwa nalo kiunoni.

LAKINI NA NINYI WAPOLE, SIKILIZENI

Haya, msianze kushangilia. Kuna upande wa pili, na usiposemwa makala hii itakuwa imewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna wapole ambao wameligeuza neno introvati kuwa blanketi. Mteja anatuma meseji Jumatatu, anajibiwa Alhamisi, akilalamika anaambiwa "samahani, mimi ni introvati." Hapana bana. Huo si uintrovati, huo ni uzembe umevaa miwani. Upole ni kutopenda kelele. Kutojibu aliyekupa pesa yake ni dharau.

Kuna kaka mmoja wa Tabata anachora nembo na mabango kwa kompyuta, kazi zake zingeweza kukaa ukuta wowote mjini. Anazo mia mbili kwenye kompyuta. Mtandaoni ameweka tatu, za mwisho ni za mwaka juzi. Ukimuuliza anakuambia kizuri chajiuza. Ni kweli wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hao hao walikuwa wanakitoa kizuri chao kibarazani asubuhi, wanakipanga kwenye mkeka. Hakuna embe lililowahi kujiuza likiwa chini ya kitanda. Kaka huyu anaona wenye kazi mbovu wanapata madili, anasema mjini watu wanapenda kelele. Kumbe wengine hata hawajui kama yupo. Kukataa kujionyesha wewe ni haki yako. Kukataa kuonyesha kazi ni kujinyima mwenyewe halafu unalaumu jirani.

Na hapo hapo kuna ugonjwa wa "bei njoo DM". Huu ndiyo unashangaza kuliko yote kwa mtu mpole. Hupendi kuongea na watu, halafu unaficha bei ili kila mtu mmoja mmoja aje kuongea na wewe? Ukiandika bei, umeshapunguza mazungumzo arobaini kwa siku. Bei iliyoandikwa ndiyo rafiki mkubwa wa mtu mkimya.

FUNDI WA MAGOMENI

Ili isionekane ni maneno matupu, kuna fundi cherehani mmoja Magomeni, anashona suti na magauni ya sendofu. Jina kapuni pia, mwenyewe angechukia kutajwa. Mtu wa maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo ni "karibu".

Uso wake mtandaoni haupo. Kinachoonekana ni mikono. Kila siku jioni anaweka picha moja au video fupi ya mkono ukifanya kitu: kola inageuzwa, zipu iliyofichwa inawekwa, pindo la suruali linashonwa kwa mkono. Chini yake maandishi ya mistari miwili anaeleza kwa nini amefanya hivyo na siyo vile. Hajawahi kwenda laivu. Video zote za wiki anazipiga Jumapili mchana duka likiwa limefungwa, anazihifadhi, anatoa moja moja. Siku sita zilizobaki hahitaji kufikiria kamera.

Bei iko wazi: suti ya kushonwa kiasi hiki, gauni la sendofu kiasi hiki, kurekebisha kiasi hiki. Siku za kupimwa zimeandikwa. Advansi imeandikwa. Na kuna sentensi moja ameiandika juu kabisa: nguo isipokuwa tayari siku niliyosema, pesa ya kushona nusu inarudi. Kwa mji huu ambao fundi akikuambia Ijumaa anamaanisha Ijumaa ya mwezi ujao, hiyo sentensi peke yake ni kiki. Tena kiki ambayo haihitaji pete wala machozi.

Anatumia WhatsApp Business, ile inayokuwezesha kupanga bidhaa kwenye orodha na kuweka meseji inayojibu yenyewe ukiwa haupo. Mteja akiandika usiku anajibiwa papo hapo kwamba meseji imefika na fundi atajibu saa tatu asubuhi. Na saa tatu kweli anajibu, mpaka saa nne, halafu simu inawekwa droo. Anayetaka maelezo marefu anatumiwa sauti ya dakika moja, aliyoirekodi akiwa peke yake, akiwa ametulia. Kumbe hata kuongea si tatizo lake. Tatizo lake ni kuongea huku watu hamsini wanamwangalia.

Mafolowa wake hawafiki elfu sita. Cherehani alizoanza nazo ilikuwa moja, sasa ziko nne na vijana watatu amewaajiri. Ukipita pale mwezi wa sendofu utakuta foleni, na yeye amekaa nyuma ya cherehani ya mwisho kabisa, kona, anashona. Anayepokea wageni mlangoni ni kijana mmoja mcheshi mno, anacheka na kila mtu. Fundi alijua kasoro yake, hakujilazimisha kuwa mcheshi, alimwajiri mcheshi.

Hiyo ndiyo brandi. Mtu akisema "suti", mwingine anasema "nenda kwa yule wa Magomeni." Hawajui anakula nini, anampenda nani, kagombana na nani. Wanajua Ijumaa yake ni Ijumaa.

KWA HIYO?

Kwa hiyo hesabu ni hii. Jina la mtu ni ahadi ambayo watu wameiona ikitimizwa mara nyingi mpaka wameacha kuitilia shaka. Ahadi hiyo haihitaji sauti kubwa. Inahitaji kuonekana, kuandikwa na kutimizwa. Mambo hayo matatu mtu mpole anayaweza, na pengine anayaweza kuliko mchangamfu, kwa sababu hana muda anaoupoteza kwenye bifu. Debe tupu haliachi kuvuma, ndivyo lilivyo. Ila na debe lililojaa likifungiwa stoo hakuna atakayejua lina nini.

Yule dada wa Sinza ameifuta ile video ya pete. Hakufanya laivu ya kuomba radhi, ingawa kocha alimshauri alie mbele ya kamera kwa sababu "machozi yanatrendi". Alipanda basi akaenda Tanga, akakaa mkekani mbele ya mama na baba mdogo, akasema yaliyotokea. Aliporudi, akawaandikia wateja wake wa zamani mmoja mmoja, meseji fupi, bila kujitetea. Sasa anaposti mikono yake na nyuso za maharusi waliokubali, na bei iko pale pale juu.

Mafolowa zaidi ya elfu kumi wamekimbia, wamesema siku hizi anaboa. Jumamosi mbili za mwezi zimerudi. Mbili bado, maana imani ikivunjika hairudi kwa kasi ya bando.

Na wewe uliyezoea kumwambia mtoto wa watu achangamke kila ukimwona kakaa kona, jiulize jambo moja dogo. Kazi yake umewahi kuiangalia? Kama umeiangalia na ni nzuri, usimpe ushauri. Mpe kazi, halafu mpe na namba yake jirani yako.